Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Kuna methali moja ambayo ningependa tuistaafishe, angalau sisi tunaochora. Mchagua jembe si mkulima. Ukiwa kijana anayejifunza kuchora katika nchi hii, utatupiwa methali hiyo kabla hujamaliza swali lako. Uliza ni penseli gani nzuri ya kuanzia, mwalimu atakutupia. Uliza ni karatasi ipi haichaniki ukifuta, mjomba atakutupia. Uliza kwenye kongamano la sanaa, baada ya kujipa moyo hadi ukashika maikrofoni, na msanii mkubwa mwenye studio na kabati la rangi kutoka ng'ambo atatabasamu na kukwambia: anza na ulicho nacho, kipaji hakihitaji vifaa. Watu watapiga makofi. Wewe utakaa chini. Na penseli utakayorudi nayo nyumbani ni ile ile inayokwaruza.

Nasema hivi: methali hiyo, ikitumiwa namna hiyo, ni uongo, na wanaoumizwa nayo ni wale wale inaodai kuwatia moyo.

Kwanza, yeyote aliyewahi kulima anajua kwamba mkulima huchagua jembe. Nyanya yangu alilima maisha yake yote. Alikuwa na jembe bapa la kupalilia na jembe la meno, lile tunaloliita fokojembe, la kuvunjia udongo uliokauka. Sokoni alikuwa anashika mpini, anaupima mkononi, anautazama kwa jicho moja kama umenyooka, na ukiwa na fundo la mti katikati anaurudisha. Hakuna aliyethubutu kumwambia yeye si mkulima. Methali ilitungwa kwa ajili ya mvivu anayesimama kando ya shamba asubuhi nzima akilinganisha mipini. Haikutungwa kwa mtu aliyepewa kijiko akaambiwa alime ekari.

Na wanafunzi wengi wa kuchora hapa kwetu wamepewa kijiko.

Mchoraji aliyekomaa ukimpa penseli mbaya, anajua ni mbaya. Mkono wake unakumbuka penseli nzuri, kwa hivyo atailaani, ataizunguka, atapunguza nguvu, atabadilisha pembe, na mwishowe atakupa kitu cha kutazamika. Ndiyo sababu ile video ya bingwa anayechora uso wa mtu kwa penseli ya mtoto wa chekechea haithibitishi lolote. Inathibitisha tu kwamba bingwa ni bingwa.

Anayeanza hana cha kulinganisha. Mstari ukikatika, anaona ni mkono wake. Kivuli kikikataa kuiva, ni macho yake. Karatasi ikichanika, ni papara zake. Kila kosa la kiwanda analiandika kwenye jina lake mwenyewe. Baada ya miezi sita ya kubeba makosa yasiyo yake anasema, "Mimi sina kipaji," anaweka penseli chini, na tunampoteza. Hakuna anayehesabu walioacha, ndiyo maana bado tunadhani ushauri wetu unafanya kazi.

Tuchukue karatasi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huangukia.

Karatasi ya fotokopi, ile ya rimu, huwa na uzito wa gramu 80 kwa mita mraba. Imetengenezwa iwe laini ili ipite kwenye mashine bila kukwama. Lakini penseli haipaki rangi kama brashi. Penseli inasagika. Kila unapoivuta, uso wa karatasi unakwangua chembe za grafaiti na kuzishika kwenye vishimo vyake vidogo. Karatasi yenye vishimo vya kutosha inakubali tabaka moja, la pili, la tano, na kivuli kinazidi kuwa kizito. Karatasi laini ina vishimo vichache, vinajaa upesi. Ukiongeza penseli juu yake, haingii. Inateleza, inang'aa kama sufuria, na ukikazana kwa hasira unatoboa. Mwalimu anakwambia kivuli chako hakina kina. Bila shaka hakina. Hicho kina kingeingia wapi?

Mimi huandika kwa kulipwa kwa kila kazi, na jioni huchora. Katika ploti ninayoishi kuna msichana wa Gredi 7 ambaye mwaka jana alinijia na daftari lake. Walikuwa wameambiwa wachore yai na kulitia kivuli. Lake lilikuwa kama jiwe lililochafuliwa na moshi, na chini yake kalamu nyekundu ilikuwa imeandika: Tia bidii. Bidii ilikuwepo. Nilipopapasa karatasi upande wa nyuma, nilihisi mistari yake yote kwa kidole, alivyokuwa amekandamiza.

Nilimpa nusu ya karatasi nzito niliyokuwa nayo na penseli yangu ya 4B. Tukaweka yai kwenye kiti karibu na dirisha. Sikumfundisha kitu. Nilimwambia tu asikandamize, aache karatasi imfanyie kazi. Baada ya nusu saa yai lilikuwa limekaa kwenye karatasi, mviringo, na kivuli chake kimelala kando yake. Aliweka michoro miwili sako kwa bako, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani anko, ilikuwa karatasi?"

Nikamwambia mkono ulikuwa wake mara zote mbili.

Hilo swali lake ndilo ningetaka tulijibu kama jamii ya wasanii. Ni watoto wangapi wana "Tia bidii" kwenye daftari, na shida ilikuwa karatasi?

Sasa penseli. Hapa ujinga tuliopewa ni wa aina nyingine: tumefundishwa kwamba penseli ni penseli. Hebu tuone inavyotengenezwa. Zamani Ulaya ilitegemea grafaiti safi iliyochimbwa Borrowdale, Uingereza. Mnamo 1795 Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza, haikuweza kuipata, na Nicolas-Jacques Conté akapewa hataza ya njia mpya: saga grafaiti iwe unga, changanya na udongo wa mfinyanzi, finyanga vijiti, choma kwenye tanuri. Mpaka leo penseli yako ni mtoto wa tanuri hilo. Udongo ukizidi, kijiti kinakuwa kigumu na mstari unakuwa mwepesi, ndizo H. Udongo ukipungua, kinakuwa laini na cheusi, ndizo B. HB iko katikati, na ndiyo tunayopewa shuleni kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa hivyo HB si penseli mbaya. Ni penseli ya kuandikia. Kumwambia mtoto achore usiku wa giza kwa HB ni kama kumtuma akateke maji kwa chujio kisha kumlaumu kwa kuchelewa.

Penseli mbaya ni kitu kingine. Ni ile ambayo unga wake haukusagwa vizuri, una changarawe, unahisi ukikwaruza katikati ya mstari. Ni ile ambayo kijiti hakiko katikati ya mti, ukichonga upande mmoja unatokea na mwingine umefunikwa, na ncha inakatika kila mara hadi penseli inaisha hujachora kitu. Hizo zimejaa madukani, na zinauzwa kwa sababu tumekubaliana kwamba mwanafunzi hastahili zaidi.

Najua hoja inayofuata, kwa sababu huwa inakuja hapa hapa. Watu watasema: lakini Tingatinga! Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia rangi za enameli za dukani na mbao ngumu za kujengea. Hakuwa na vifaa vya wazungu, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Si ndiyo?

Ndiyo, na mnaisoma stori hiyo kinyume. Tazama alichochagua. Enameli ni rangi nzito, inang'aa, inajisawazisha yenyewe ikikauka kiasi kwamba alama za brashi hupotea. Mbao ngumu haipindi kama kitambaa, kwa hivyo rangi hiyo ngumu haipasuki ovyo juu yake. Simba wake na ndege wake wenye madoa, waliokaa bapa juu ya rangi moja inayometa, wanatokana na vifaa hivyo viwili kukubaliana. Angepaka rangi ya maji kwenye ile mbao, leo tusingekuwa tunamtaja. Vifaa vyake vilikuwa vya bei ya chini, lakini vilikuwa vizuri kwa kazi yake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na vurugu yetu yote inatokana na kuyachanganya.

Au mtasema Cyrus Kabiru, anayetengeneza miwani ya ajabu kutoka kwa vyuma na takataka za Nairobi. Mnadhani anaokota chochote? Anayetengeneza kwa takataka ni mchaguzi kuliko mtu wa dukani, kwa sababu hakuna lebo ya kumsaidia. Au Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, anayepaka rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambalo Waganda wamelipiga kwa nyundo za mti tangu enzi za wafalme wao. Lubugo lina matundu na mishono, na mashimo hayo yanaingia ndani ya picha yenyewe. Angeweza kununua turubai kama wenzake. Alichagua jembe.

Kila mtu mnayemtumia kutuambia tusichague, yeye alichagua. Tofauti ni kwamba yeye alijua anachotafuta. Basi kazi ya mwalimu ni kumsaidia mwanafunzi ajue anachotafuta. Kumwambia anyamaze hakumfundishi chochote.

Nilikaa chuo kikuu miaka miwili nikisomea usanifu majengo, kabla karo haijanishinda. Kwenye chuo hicho, ambacho sitakitaja, tuliambiwa wiki ya kwanza kwamba kifaa si kisingizio. Wiki ya tatu tukaanza kukatwa alama kwa mistari isiyo na unene sawa. Sasa mstari wenye unene sawa unatoka wapi kama si kwenye kalamu? Waliokuwa na hela walikuwa na seti ya kalamu za kiufundi, ncha tatu nne za vipimo tofauti. Sisi wengine tuliazimana moja, usiku, kwa zamu, mtu akichora wewe unasinzia ukingoja. Asubuhi kazi zetu zilibandikwa ukutani pamoja, na mhadhiri akapita akisifu "nidhamu ya mkono" ya wale wale. Taasisi haiwezi kusema vifaa havina maana halafu ikavipa alama. Ikisema hivyo, inachomaanisha ni kwamba haitaki kulipia.

Lakini sijaja kuwapigia debe wenye maduka. Kuna uongo wa pili, na huu ni wa kupendeza zaidi kwa sababu unakuja kwenye bati lenye picha ya kasuku.

Uongo huu unasema: wewe utakuwa msanii siku utakayokuwa na rangi 72. Ni ile seti kubwa ya penseli za rangi, maka, pasteli na vibrashi, vyote kwenye sanduku moja kama vifaa vya fundi umeme, na bei yake ikikaa karibu sana na kodi ya nyumba ya watu ninaowajua. Shangazi wa ng'ambo huileta Desemba. Mtoto hulala nayo. Kufikia Februari, nyeupe haijaguswa, nyeusi imeisha, na zile nyingine 70 hazikoleani kwa sababu ndani yake kuna nta nyingi na rangi kidogo. Ukilinganisha zambarau namba 41 na zambarau namba 42, hata aliyezitengeneza hawezi kukwambia tofauti.

Seti inauza wingi kwa mtu ambaye bado hajui ubora, na inamnyima somo kuu. Mtu mwenye nyekundu, njano na buluu nzuri analazimika kuchanganya, na katika kuchanganya ndipo anajifunza rangi. Mwenye 72 anachagua tu iliyo karibu. Tena anaogopa kuzimaliza. Nimeona madaftari ghali ya ngozi yaliyokaa mwaka mzima na ukurasa mmoja umechorwa, kwa sababu mwenyewe anangoja awe mzuri kwanza. Daftari linalokutisha si zuri kwako, hata kama karatasi yake ni pamba tupu.

Basi uzuri wa kifaa kwa anayejifunza naupima hivi: kisikudanganye, na kisikuogopeshe. Kisikudanganye, yaani kikionyesha kosa, liwe kosa lako kweli, ulirekebishe. Kisikuogopeshe, yaani bei yake ikuruhusu kukitumia hadi kiishe.

Kwa kipimo hicho, mahitaji ya mwanzo ni machache kuliko unavyodhani. Penseli mbili, moja ya 2B na moja ya 6B. Zinunue moja moja. Mimi hununua yangu kwa bei ya chapati chache na sahani ya maharagwe, na inanikalisha wiki nyingi. Kabla hujalipa, geuza penseli utazame kitako: kijiti kiko katikati ya mti au kimeegemea upande? Kisha chora mstari polepole kwenye karatasi uliyoibeba mwenyewe, usikilize. Ukisikia mkwaruzo, rudisha. Muuzaji akikukatalia kujaribu, toka umwachie.

Raba mbili. Moja nyeupe ya plastiki, na moja ile ya kukanda, laini kama unga wa chapati, inayoinua grafaiti bila kusugua karatasi. Ile ya waridi kwenye kitako cha penseli iache ilivyo, ipo kwa ajili ya hesabu. Wembe wa kuchongea, ili ncha iwe ndefu na uweze kuilaza. Hiyo ni shilingi chache kioski chochote.

Makaa unaweza kujitengenezea. Makaa ya jikoni ni ya miti migumu na mara nyingi yanakwaruza, lakini vijiti vyembamba vya mti laini, vilivyokauka na kumenywa, ukivifungia kwenye mkebe wenye tundu dogo na kuuweka kwenye jiko hadi moshi uishe, vinatoka makaa ya kuchorea. Uache mkebe upoe kabisa kabla hujaufungua, la sivyo hewa ikiingia vinageuka majivu. Hiyo ndiyo kanuni wanayotumia wanaouza ya dukani.

Pesa iliyobaki iende kwa karatasi. Penseli ya wastani kwenye karatasi nzuri itakufundisha kuliko penseli ya mfalme kwenye karatasi ya risiti. Tafuta ya gramu 150 na kuendelea kwa penseli na makaa. Ukitaka rangi ya maji, gramu 300, la sivyo itajikunja kama sambusa. Usinunue daftari kama huna hela ya daftari. Nunua shiti moja kubwa ya A1, uikunje na kuikata kwa rula: unapata A4 nane kamili. Na kama hata hiyo ni nzito, mko wangapi mnaochora mtaani? Sisi ni watu wa chama. Tuna vyama vya sufuria, vya mazishi, vya kununua mbuzi wa Krismasi. Watu wanne wakichanga, wananunua shiti kwa wingi na kugawana. Sijui kwa nini tunaona hilo ni la akina mama tu.

Na ile karatasi ya fotokopi usiitupe. Ina kazi yake. Mistari, mikao, makanga anayening'inia mlangoni, mama muuza mboga akiinama, hayo yachore mia kwa siku kwenye karatasi ya bei ya chini, na biro ukipenda, kwa sababu hapo unachofundisha ni jicho na kasi. Mstari unajifunza kwa wingi. Kivuli unajifunza kwa ubora. Kosa letu ni kutumia karatasi moja kwa masomo mawili.

Kuna jambo lingine ambalo wanaosema "kifaa si kitu" hawaligusi kabisa: siku utakayouza. Vijana wengi Nairobi wanalipa kodi kwa kuchora picha za watu. Bibi harusi anakuletea picha kwenye simu, unamchorea, anatundika sebuleni mkabala na dirisha. Ikiwa ulitumia feltipeni au biro za kawaida, nyingi zina rangi za kuyeyuka ambazo hupauka kwa mwanga. Miaka michache baadaye shavu limekwenda. Hili liliwakuta hata wakubwa. Van Gogh alipochora chumba chake cha kulala kule Arles mwaka 1888, kuta alizipaka zambarau. Leo tunaziona buluu, kwa sababu nyekundu aliyotumia ilififia. Yeye alikuwa na haki ya kucheza na picha zake. Wewe umechukua deposti ya mtu.

Na uzuri ni kwamba kitu kisichopauka hakihitaji utajiri. Grafaiti ni kaboni. Makaa ni kaboni. Jua haliwezi kuvifanya kitu. Penseli yako ya 6B kwenye karatasi isiyo na asidi itakuzika wewe na bibi harusi. Lakini lazima mtu akwambie hivyo, na hawezi kukwambia kama amekwisha amua kwamba kuuliza kuhusu vifaa ni uvivu.

Ndiyo, nasikia wengine: unazungumzia karatasi na watu hawana unga? Nazungumzia karatasi kwa sababu watu hawana unga. Tajiri akinunua penseli mbovu, kesho ananunua nyingine. Mtoto wa mama mboga akinunua mbovu, hiyo ndiyo penseli yake ya mwaka. Yeye ndiye anayehitaji kujua zaidi, maana ana nafasi moja ya kukosea. Kumficha elimu hiyo kwa jina la unyenyekevu ni kumfungia mlango kisha kumsifu kwa kusimama nje kwa heshima.

Tena sasa si jambo la mtu binafsi tu. Chini ya mtaala wa umilisi, Januari 2026 kundi la kwanza liliingia Gredi 10, na moja ya njia tatu walizopewa kuchagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Yaani serikali imemwambia mtoto wa miaka kumi na tano kwamba anaweza kujenga maisha kwa kuchora. Vizuri sana. Sasa karatasi iko wapi? Kila mzazi wa CBC anajua ile safari ya saa mbili usiku ya kutafuta manila na gundi kwa sababu kesho ni siku ya mradi. Hiyo si njia ya sanaa. Huko ni kumhamishia mzazi bajeti ya shule kipande kwa kipande.

Ninachotaka ni vitu vidogo vya kutekelezeka. Shule inayofundisha kuchora iwe na rundo la karatasi nzito, hata kama ni mbili kwa mwanafunzi kwa muhula, na zitumiwe kwa somo la kivuli peke yake. Mwalimu asimpe mtoto alama ya kivuli kilichochorwa kwenye karatasi ya fotokopi. Ampe alama ya mstari. Wenye maduka wafungue pakiti, wauze penseli moja moja na shiti moja moja, waweke kipande cha kujaribia kando ya kaunta. Wasanii waliofika, badala ya kutuambia waliteseka vipi, watuambie wananunua nini, wapi, kwa shilingi ngapi. Hiyo ndiyo hotuba ninayotaka kusikia kwenye makongamano. Ilete na risiti.

Na wewe unayeanza, ukiulizwa kwa nini unasumbua watu na maswali ya gramu na B ngapi, usione haya. Geuza penseli utazame kitako. Papasa karatasi. Ikiwa ni mbaya, rudisha, na mtu akikutajia jembe, mwambie akamuulize mkulima.